Video, simu ya sauti au voisi noti: utumie ipi kumshauri kijana wa Dar?

Ukikubali kumshika mkono kijana, awe wa kidato cha nne kule Mbagala au mhitimu wa chuo anayesaka kazi huku akiishi kwa mjomba wake Tabata, jambo la kwanza la kuamua ni mtakuwa mnazungumza vipi. Kukutana kila wiki ni ahadi ambayo foleni za Dar huivunja mapema. Chanika hadi Posta, kwenda na kurudi, nusu ya siku imekatika, na nauli hiyo kwa asiye na kipato ndiyo chakula chake cha mchana. Ndiyo maana wengi tunaishia kwenye simu. Na kwenye simu njia ni tatu: video, sauti, na ujumbe wa WhatsApp, hasa zile voisi noti.

Msimamo wangu ni huu. Kwa vijana wengi wa jiji hili, simu ya sauti ndiyo iwe kikao chenyewe. Video iitwe pale tu penye kazi ya kutazama kitu pamoja, na voisi noti zishike siku za katikati. Washauri wengi hupanga kinyume chake, video kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwa sababu wao wamekaa Masaki au Mbezi Beach kwenye wai-fai isiyokatika. Kijana wao yuko Buza, chumba kimoja na wadogo zake, na spika ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho.

Anza na bando

Zoom wenyewe wanashauri kasi ya kilobiti 600 kwa sekunde, kwenda na kurudi, ili video ya watu wawili ionekane vizuri. Piga hesabu ya saa nzima: ni kama megabaiti 540. Sauti peke yake kwenye programu hiyohiyo inataka kilobiti 60 hadi 80, yaani haizidi megabaiti 72 kwa saa. Video inakula zaidi ya mara saba. WhatsApp na Google Meet hupandisha na kushusha ubora kulingana na mtandao, hivyo namba zao hazitulii, ila video kuwa mlafi kuliko sauti ni kulekule.

Kwa mwenye bando kubwa la mwezi, hizo ni hesabu za kupuuza. Kijana anayejiunga bando la siku anaweza kulimaliza lote kwenye kikao chako kimoja, halafu jioni hana hata megabaiti za kufungua tangazo la kazi ulilomtumia. Na hatakwambia. Atasema tu "mtandao ulikuwa unasumbua, kaka", na wiki inayofuata hapokei.

Hapa ndipo simu ya kawaida, ile ya dakika, inapostahili heshima ambayo haipewi. Kwetu anayepiga ndiye anayelipa. Anayepokea hakatwi hata senti. Simu ya intaneti, iwe ya sauti au ya video, inawakata nyote wawili. Ukimpigia kijana kwa dakika zako, gharama yote ni yako, kitochi kinatosha, na hata akiwa mahali ambapo intaneti inasuasua bado mtasikilizana. Nadhani watu wanaidharau kwa sababu inaonekana ya kizamani, na ripoti ya mradi hupendeza zaidi ikiwa na picha za skrini zenye nyuso mbili zinazotabasamu. Kijana picha hizo hazimsaidii kitu.

Uso uliojaa kwenye kioo

Hata bando likiwepo, video bado haijashinda. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alieleza kwa nini mikutano ya video inachosha. Alitaja mambo manne: macho ya mwenzako yanakuwa karibu mno na kwa muda mrefu, unajitazama mwenyewe wakati wote, unabanwa mahali pamoja, na akili inafanya kazi ya ziada kutuma na kusoma ishara ambazo watu wakiwa pamoja hupita zenyewe.

Sasa mchukue mtoto wa miaka 17 aliyelelewa kwamba mkubwa akizungumza macho yanashuka chini. Mweke mbele ya kamera, na mtu mzima amejaa kioo chote. Atatazama kona ya chumba. Atajibu "ndiyo", "sawa", "nimeelewa". Mshauri atamaliza kikao akidhani kijana hana hamu, kumbe kijana ana adabu.

Mwambie huyohuyo azime kamera, avae eafoni, atoke akae barazani au atembee taratibu kuelekea dukani. Hapo maneno yanaanza kutoka. Ada ambayo haijalipwa, kufeli hisabati, kuacha chuo bila kumwambia mama, mwanaume anayemsumbua msichana njiani akitoka shule: haya husemwa kwa urahisi zaidi pale anayeyasema haonekani. Kuna na suala la chumba chenyewe. Kumwashia mtu kamera ni kama kumfungulia mgeni mlango wa chumbani, na si kila kijana yuko tayari mshauri wake wa mjini aone ukuta usiopigwa plasta na nguo zilizoning'inizwa kwenye kamba.

Sauti nayo ina udhaifu wake, na mkubwa ni ukimya. Kwenye video unamwona kijana akifikiri. Kwenye simu, kimya cha sekunde tatu tu na mmoja wenu ameshauliza "haloo, upo?", na wazo lililokuwa linakuja limerudi lilikotoka. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba kimya hakimaanishi mtandao umekata. Mimi husema, "Fikiria kwanza, mimi nipo," kisha nanyamaza kweli, jambo ambalo kwa watu wazima ni gumu kuliko linavyosikika. Machozi pia huyaoni. Unabaki kusikiliza pumzi, majibu yanavyofupika, sauti inavyoshuka, na ukihisi kitu uliza waziwazi: "Hapo umepoa ghafla, nimegusa pabaya?" Kijana atakujibu, au atakwambia tuache hilo. Yote mawili ni majibu.

Kelele haziishi. Bodaboda, adhana, mtoto analia, mtu anauza karanga. Usimkaripie kijana kwa kelele asizozipiga yeye. Muda mzuri ndio dawa, na muda mzuri anaujua yeye. Kwa msichana, saa moja usiku mara nyingi ni saa ya jikoni; atakusikiliza kwa sikio moja huku anageuza chapati na mama anamwita. Jumapili alasiri nyumba nyingi zimetulia. Muulize, na muulize tena shule zikifunguliwa, maana ratiba ya nyumbani hubadilika yote.

Pale video inaposhinda

Kuna kazi ambazo kuzifanya kwa sauti ni kuteseka bure. CV ni mojawapo: huwezi kumweleza mtu kwa mdomo kwamba nafasi kati ya mistari imezidi na tarehe hazikupangwa. Maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni nyingine. Jina la kwenye fomu lisipolingana na la kwenye cheti cha kuzaliwa, au cheti chenyewe kikiwa hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kijana atahangaika wakati wenzake wameshatuma. Kujisajili kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kubadilisha machaguo ya tahasusi baada ya matokeo ya kidato cha nne, kulinganisha vyuo kabla ya kuomba: kote huku mnahitaji kutazama skrini moja kwa wakati mmoja.

Mazoezi ya usaili nayo. Waajiri wengine siku hizi wanafanya usaili wa kwanza kwa video, kwa hiyo hapo kamera si usumbufu, ndiyo somo lenyewe. Mwonyeshe akae akiangalia dirisha badala ya kuligeuzia mgongo, simu aiegemeze kwenye vitabu ifike usawa wa macho, na aangalie kamera anaposalimia. Kijana aliyezoea kuinamisha macho anahitaji kuambiwa bila kuzungukwa kwamba kwenye usaili atatazamwa, naye atazame. Mwambie pia kwamba adabu yake haijaharibika kwa kufanya hivyo.

Programu ipi? Zoom ya bure hukata kikao kikifika dakika 40, na tangu Mei 2022 kikomo hicho kinawahusu hata watu wawili. Google Meet ya bure inawapa watu wawili hadi saa 24. WhatsApp haiwakati kwa muda, na tangu Agosti 2023 inaruhusu kuonyesha skrini mkiwa kwenye simu ya video. Kwa kijana mwenye simu tu, WhatsApp inatosha, kwa sababu tayari anayo na anaijua. Akiwa kwenye kompyuta ya chuo au ya intaneti kafe, Meet ni rahisi zaidi: inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Zoom ningeiacha, isipokuwa unamfanyisha mazoezi kwa ajili ya usaili atakaofanyiwa hukohuko. Dakika 40 zenyewe wala si tatizo. Kikao cha kijana kikivuka hapo, mara nyingi anayeongea ni mshauri.

Kitu kimoja kidogo chenye faida kubwa: mkiwa kwenye video, kila mmoja afiche picha yake mwenyewe kama programu inaruhusu. Na mkishamaliza kazi ya skrini, zimeni kamera mwendelee kwa sauti. Hakuna sheria inayosema kikao kilichoanza kwa video lazima kiishe kwa video.

Voisi noti

Hizi nazipenda na naziogopa. Nazipenda kwa sababu kijana anaisikiliza akipata nafasi, anairudia, na hahitaji mtandao wa nguvu. Swali dogo kama "dada, barua ya maombi niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?" halihitaji kikao, sekunde ishirini zinatosha. Pongezi nazo zinafika vizuri zaidi kwa sauti kuliko kwa ule mkono wa dole gumba.

Naziogopa kwa sababu mshauri akishazizoea anageuka mhubiri. Voisi noti ya dakika sita haina mtu wa kuikatiza, kwa hiyo inaendelea tu, na kijana anaisikiliza kwa kasi ya mara mbili, akijibu "shukrani sana kaka". Uamuzi mzito usiufanyie huko, na ugomvi ndiyo kabisa. Halafu ujumbe wa sauti unabaki. Kama simu ni ya mama, au inazunguka kati ya ndugu, wewe unadhani unaongea na kijana kumbe unaongea na sebule nzima.

| | Video | Sauti | Voisi noti na maandishi |
|---|---|---|---|
| Inafaa kwa | CV, fomu za mtandaoni, mazoezi ya usaili | Mazungumzo marefu, maamuzi, mambo ya moyoni | Ukumbusho, swali dogo, pongezi |
| Gharama kwa kijana | Kubwa | Hakuna, ukimpigia kwa dakika zako | Ndogo |
| Faragha yake | Chumba kinaonekana | Anaweza kutoka nje | Inabaki kwenye simu |
| Kinachoiharibu | Mtandao, aibu ya kamera | Ukimya, kelele | Hotuba |

Ratiba, au "nipigie ukikwama"?

Ulinganisho huu una uzito kuliko wa programu. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha matokeo ya kufuatilia vijana waliounganishwa na watu wazima wa kuwashauri. Waliodumu na mshauri mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata mabadiliko mengi mazuri. Wale ambao uhusiano wao ulikufa ndani ya miezi michache ya mwanzo, baadhi ya mambo yao yalirudi nyuma, ikiwemo namna walivyojithamini. Kuanza na kijana halafu kupotea kunaweza kumwacha pabaya kuliko ulivyomkuta. Ukijua huwezi kushika mwaka, mwambie mapema ni miezi mingapi, na kwa ajili ya jambo gani.

Kwa mantiki hiyo "nipigie wakati wowote" inapoteza. Hana salio, na hata akiwa nalo hampigii mkubwa bila sababu nzito, ataonekana msumbufu. Sentensi hiyo kwa kijana wa Kiswahili ni kwaheri iliyosemwa kwa upole. Siku ileile, saa ileile, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na wewe ndiye unayepiga. Nusu saa yenye uhakika inashinda saa mbili za bahati nasibu.

Ndani ya nusu saa hiyo sina fomula kubwa. Salamu zisiharakishwe, kijana aliyesema "shikamoo" na kuulizwa habari za nyumbani kwa dhati huwa ameshaanza kulegea. Kisha aanze yeye: lile aliloahidi wiki iliyopita limefikia wapi? Chukueni jambo moja, moja tu. Mwishoni aseme kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini na lini, kisha akitoka kwenye simu akutumie voisi noti fupi ya hilohilo. Muhtasari ukiuandika wewe, utakuwa ni wa mawazo yako.

Wanafunzi wa bweni wana hesabu tofauti. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo ratiba ya kila wiki ni ndoto. Panga vikao vya karibu karibu likizo za Juni na Desemba, na umwambie kabisa kwamba kati ya hapo utakuwa kimya, asije akadhani umemtupa.

Akiwa chini ya miaka 18

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama anakuzidi urefu na sauti imekwisha kukwaruza. Hapa usichague njia yoyote kabla mzazi au mlezi hajajua wewe ni nani, mnazungumza siku gani na kwa njia ipi. Kikao cha kwanza kifanyike mzazi akiwepo. Hapo ndipo video ina kazi ya maana, aone sura yako. Baada ya hapo kijana anahitaji faragha ya kusema, na mzazi anahitaji uhakika kwamba faragha hiyo ina mipaka. Kwa hiyo hakuna simu za usiku wa manane, hakuna ujumbe unaojifuta wenyewe, hakuna "tusimwambie mtu". Ukipima kwa jicho hili, maandishi na voisi noti yana faida ambayo simu haina: yanaacha kumbukumbu inayomlinda mtoto, na inayokulinda wewe.

Kurekodi kikao ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa sauti na sura za watu, na kwa mtoto ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi wake. Ushauri wangu ni mfupi: usirekodi. Kijana akijua kuna rekodi, anaanza kuongea kwa ajili ya rekodi.

Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba akikueleza anaumizwa, hutalibeba peke yako. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mambo ya aina hiyo, yakianza kutoka kwenye voisi noti, acha kuandika. Piga simu.

Nani analipia

Kwa kikao cha sauti cha dakika zako, swali hili halipo. Linakuja kwenye video. Mtumie kijana bando badala ya pesa; mitandao ya simu inakuruhusu kumnunulia mtu mwingine. Pesa taslimu ikifika nyumbani ambako sukari imeisha, itanunua sukari, na wala hakuna wa kumlaumu. Litume saa moja au mbili kabla ya kikao, useme wazi ni la kazi gani: "Hili la kujazia fomu ya HESLB leo." Kwa kijana mwenye aibu ya kupokea, maneno hayo yanaligeuza kuwa kitendea kazi. Na siku akikwambia leo analo lake, mwamini, usimtumie.